Mtoto Asiye na Ndama Asiingie

Likizo hii nimerudi kwetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kutoka shuleni Mbarara, juu ya lori la ndizi, na aliyenipokea wa kwanza hakuwa bibi. Kilikuwa kibao. Wamekipigilia kwenye nguzo pembeni mwa uwanja wetu: sheria mpya za uwanja wa wote, kwa rangi nyeupe, herufi zimepinda kama zimetoka kunywa pombe ya ndizi. Watoto wacheze jioni yote. Mifugo marufuku. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja mpita njia akanikwepa. Halafu, rafiki yangu, nikaona wivu. Wivu wa kuchoma kifua, kwa vile vitoto vilivyokuwa vinakimbiza mpira bila kuomba ruhusa ya mtu wala ya ng'ombe.

Maana sisi tuliomba ruhusa ya ng'ombe.

Nilipokuwa mdogo, uwanja ule jioni ulikuwa wa ndama. Hakuna aliyeandika, kila mtu alijua. Ng'ombe wakubwa walishinda vilimani, ndama wakabaki karibu na nyumba, na jua likipoa wakapelekwa pale kwenye majani mafupi matamu. Wazee walikoka moto wa samadi kavu ili moshi ufukuze nzi, na ndama wakasimama ndani ya moshi wamefumba macho kwa raha, kama mabwana wakubwa. Mtoto akitokea na mpira wa majani ya migomba alitimuliwa kwa fimbo. Eti ndama akishtuka hanenepi. Mimi nilishtuliwa kila siku na hakuna aliyewahi kuuliza habari za unene wangu.

Ndama wa bibi ndiye aliyekuwa adui yangu hasa. Mweupe, ana doa jekundu shingoni, na macho ya kujidai. Asubuhi alinyonya kwanza, mimi nikapata uji wa mahindi na maziwa yaliyobaki, kama yalibaki. Jioni bibi alimsugua kwa kishungi cha nyasi, akamtoa kupe mmoja mmoja, huku akimghania sifa. Kwetu ng'ombe husifiwa kama mfalme: mwendo wake, ukoo wake, pembe zake, hata zile ambazo bado hazijaota. Sauti hiyo bibi hakuwahi kunipa mimi. Kwangu alikuwa na nyingine: "Wewe, maji! Wewe, kuni! Wewe, umekalia ungo!" Nami nilikuwa sina wazazi wala ndugu pale, bibi ndiye pekee niliyekuwa naye, na nilimgawana na mnyama.

Basi tukawa tunacheza barabarani, na siku moja lori nusura limkanyage mtoto wa jirani. Akina mama wakapiga kelele. Mkuu wa kambi akaitisha mkutano palepale uwanjani. Alikuwa askari wa zamani kutoka kaskazini, sote tulimwita Afande, na kwa kuwa hakujua lugha yetu wala sisi yake, mambo yalisemwa kwa Kiswahili cha jeshi.

"Nyinyi watu, sikiliza! Hii uwanja ni ya wote. Sasa mutoto nacheza kwa barabara, ng'ombe nakaa kwa uwanja. Hiyo ni akili gani? Leo tunageuza sheria."

Bibi akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Afande, mtoto ana shule, ana kanisa, ana ziwa. Ndama ana wapi?"

Watu wakapiga makofi. Nikaona uwanja unatuponyoka hivihivi. Afande alipouliza nani mwingine ana neno, nikiwa nyuma kabisa na wenzangu, nikalia: "Mbuuu!"

Mkutano ukaangua kicheko. Afande akanyoosha shingo. "Hiyo ndama ni ya nani?"

"Ni wangu," bibi akajibu bila kugeuka. "Lakini huyo hana faida. Anakula tu, pembe hana."

Walicheka kuliko walivyonichekea mimi. Nadhani kicheko hicho kililainisha mambo, kwa sababu wakaafikiana: watoto waingie jioni, wacheze upande usio na moshi, lakini kila mtoto aje na ndama wa kwao na amchunge. Mtoto asiye na ndama asiingie.

Nilifurahi usiku mmoja tu. Kumbe nyumba nyingi za rafiki zangu hazikuwa na ndama. Wakapata ujanja: waliingia na wetu. Mmoja ameshika mkia, mwingine sikio, mwingine kamba, na kila mmoja anamwambia mzee wa zamu, "Huyu ni wetu, babu." Mzee alijua, akakohoa tu. Kuanzia hapo wakawa wanakuja mlangoni kwetu na maganda ya ndizi mbivu, wananipita kama nguzo, wanauliza, "Bibi, ndama anatoka leo?" Mimi nilikuwa nahodha wa timu! Siku nilipougua malaria, walikuja wakamchukua yeye, wakacheza mpaka giza. Hata salamu hawakuniachia.

Baadaye wakimbizi wapya wakaongezeka, malisho yakakatwa kuwa mashamba, na ng'ombe wakahamishiwa kwa jamaa zetu mbali. Ndama wetu, wakati huo ni mtamba mwenye pembe za kweli, aliondoka na kundi bila kutazama nyuma. Mimi nikapelekwa shule Mbarara. Adui ameondoka, uwanja uko wazi, sasa ndipo nimekuwa mkubwa, na vitoto vinanipigia kelele, "Kaka, toka uwanjani!"

Jana jioni nilikaa na bibi mlangoni, tunakula viazi vitamu na maharage. Uwanja ulijaa makelele, ila hapakuwa na moshi wala harufu ile. Nikamchokoza: "Bibi, leo nighanie mimi basi."

"Wewe? Nisifu nini, hizo alama zako za hesabu?"

Akapangusa vidole kwa kitenge. Halafu midomo yake ikaanza kutikisika, na ile sauti ikatoka, polepole, macho yake yametazama uwanjani juu ya vichwa vya watoto. Mwendo, ukoo, pembe, doa la shingoni. Hakuna neno hata moja lililonihusu. Nikaacha kutafuna, nikasikiliza sifa za mwenzangu kwa wivu uleule, nikimwomba Mungu bibi asifike mwisho.