Banda la Heshima Huko Timau

Niliondoka nyumbani kwangu Majimbo, mjini Embu, kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyekataa kula. Msomaji atakayeliona jambo hilo kuwa dogo na afahamu kwamba ng'ombe huyo, mtamba aitwaye Karembo, tulikuwa tumempeleka Timau kuwa mahari ya Kendi, mchumba wa mwanangu Munene. Baba yake Kendi, Mzee Kirimi, alinipigia simu akasema kwa upole uliotisha kuliko hasira: "Muthoni wangu, kuja uone hii ng'ombe yenu. Na ukuje na gari ya kubeba." Muthoni ndivyo tunavyowaita wakwe pande zetu. Kwao na kwetu, mnyama wa mahari akirudishwa alikotoka, uchumba nao hurudi pamoja naye.

Alfajiri nilipitia Kanja, kwa ndugu yangu Ireri, aliyemlea Karembo tangu kuzaliwa. Nilihitaji pikapu yake yenye vyuma vya kubebea mifugo. Alinipa ufunguo, kisha akatungua ukutani kamba mpya ya katani na kuitupa nyuma ya gari.

"Naomba uirudishe ikiwa kavu," alisema, yaani isimfunge Karembo. Kisha akanionyesha mtamba mwenye doa jeupe usoni, aliyekua bega kwa bega na Karembo. "Na huyu, tangu mwenzake aende, anaita mpaka majirani wanauliza kama nimechinja."

"Ng'ombe huita akiwa na njaa."

"Mwalimu, nimemlisha."

"Basi mlishe tena."

Ireri alicheka hadi akashika kiuno. Mimi sikucheka. Katika miaka yangu yote ya ualimu nimewaonya vijana wasiwavike wanyama mioyo ya watu, kwa maana mwenye kumlilia paka mara nyingi humpita jirani mwenye njaa bila kugeuza shingo. Niliwasha gari nikiwa na imani hiyo.

Kutoka Runyenjes barabara hushuka kwenye mito na kupanda tena, mto baada ya mto, na majani ya chai yakipisha migomba, migomba ikipisha mahindi. Nilipita Chuka jua likiwa limechangamka, na Nkubu watu wakienda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Kila nilipotazama kioo cha nyuma niliiona ile kamba imejikunja kama kiumbe kinachosubiri zamu yake. Munene hakunipigia simu siku hiyo. Alijua ningemjibu kwa hotuba, nami nilijua kwamba hotuba isingemponya kijana aliyekwisha kutangaziwa ndoa yake kanisani.

Mchana niliupita mji wa Meru, nikaanza kuupanda mgongo wa mlima. Baridi ya Timau humpokea mgeni kabla ya wenyeji. Mkono wa kushoto mlima ulikuwa umejifunika wingu. Mkono wa kulia nchi iliporomoka kuelekea kaskazini, kavu na pana, na kati ya hivyo viwili ngano ilijilaza kwa upepo.

Mzee Kirimi alinipokea langoni akiwa amevaa koti zito na kofia ya sufu. Hakunikaribisha chai kwanza, jambo ambalo si desturi yake. Alinipeleka moja kwa moja bandani.

Nilishangaa kwa jinsi banda lile lilivyokuwa zuri. Lilikuwa jipya, mbao zimepakwa rangi, sakafu imetandikwa majani makavu ya ngano, nalo limejengwa karibu na lango ili kila mpita njia amwone ng'ombe wa mahari ya Kendi. Ndani yake Karembo alisimama ameinamisha kichwa, masikio yamelegea, mbavu zikihesabika. Hori lilijaa majani mabichi ambayo hayajaguswa.

"Tumempa kila kitu," alisema Mzee Kirimi. "Hata mimi sijawahi kulala kwa nyumba mpya namna hii. Na bado anakataa! Ni dharau gani hii?"

Kando yake alisimama Daktari Makena, mtafiti anayechunguza hisia za ng'ombe katika mashamba ya Timau, ambaye Mzee alikuwa amemwita baada ya tabibu wa mifugo kushindwa kuona ugonjwa wowote. Ni mwanamke mwenye sauti ya chini na viatu vya mpira vilivyojaa tope. Alinieleza kwamba kwa siku kadhaa alikuwa amewafundisha Karembo na ng'ombe mmoja wa Mzee somo moja: ndoo ikiwa kulia, ina molasi tamu, ikiwa kushoto, ni tupu. Wote wawili walikuwa wameelewa.

"Sasa tutaiweka katikati," alisema. "Mnyama mwenye utulivu hutarajia mema, huenda kutazama. Aliyejaa hofu au huzuni hutarajia utupu."

Ng'ombe wa Mzee aliiendea ndoo ya katikati kwa haraka kama mtu aliyeitwa karamuni. Karembo aliitazama, akageuza uso ukutani.

"Daktari," nilisema, "huzuni ni ya mwenye nafsi."

"Sisemi analia kama mjane, Mwalimu. Nasema kuna hali ndani yake, na hali hiyo tunaweza kuipima. Ndoo moja haitoshi. Naangalia pia masikio, macho, jinsi anavyolala. Yote yanasema jambo moja. Huyu amezoea kuishi na wenzake, na hapa yuko peke yake."

"Basi mchanganye na wengine," nilimwambia Mzee Kirimi.

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Muthoni, katika boma hili ng'ombe wa mahari hachanganywi na hawa wengine kabla wazee wampokee. Na wazee wamekataa kupokea mgonjwa."

Hapo nikaona fundo lilipo. Hapokelewi kwa kuwa haponi, wala haponi kwa kuwa hapokelewi. Mama Kendi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, akaongeza: "Mimi nilisema! Mmemfungia kama bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe yuko hapa anapika na kulia."

Nilifikiri kidogo. Desturi ni ukuta, na mwenye busara hauvunji kabla hajautafuta mlango.

"Mzee," nilisema, "kama hajapokelewa, ni ng'ombe wa nani?"

"Ni wako bado."

"Nami ni nani hapa leo?"

"Mgeni wangu."

"Ng'ombe wa mgeni hulala wapi?"

Tabasamu lilianza pembeni mwa mdomo wa Mzee Kirimi, likapanda mpaka kwenye kofia. "Hulala na ng'ombe wa mwenyeji! Mwalimu, wewe ni mjanja. Kumbe wewe ni Mmeru!"

Tulimfungulia Karembo mlango. Ng'ombe wenyeji walimsukuma kwa vichwa, nami nikataka kuingilia, lakini Daktari alinishika mkono: "Waache wajuane." Jua lilipokuwa likitua, mmoja wao alianza kumlamba shingo. Chai ililetwa, tena kwa mkate.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amezama horini, masikio wima. Daktari akaiweka ndoo katikati. Karembo alisita, akatazama nyuma walikokuwa wenzake, kisha akaiendea. Kendi alipiga kelele ya furaha, akakimbilia simu yake. Kule kwa Munene, nadhani simu haikumaliza kulia hata mara moja. Daktari alimtazama Karembo siku mbili zaidi kabla ya kuridhika. Ndipo wazee walipokuja, wakamkagua, wakampokea. Nilipomuaga Karembo kwa kumpapasa, alinilamba mkono wa koti hadi kiwikoni.

Nilirudi kwa barabara ile ile, gari likiwa jepesi na moyo vivyo hivyo. Bado naamini kwamba mtu hatakiwi kumpita jirani mwenye njaa. Lakini nimejifunza kwamba jicho lisilotambua dhiki ya kiumbe kisichosema halitakuwa kali zaidi kwa kile kinachosema. Pia nimejifunza kwamba heshima tusiyomuuliza anayeheshimiwa yaweza kuwa kifungo kilichopakwa rangi.

Nilipofika Kanja, nilimrudishia Ireri kamba yake, kavu. Kabla sijapiga hatua ya pili, yule mtamba mwenye doa jeupe alinikaribia, akanusa ule mkono wa koti langu uliolambwa, akaendelea kuunusa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, polepole.

"Mwalimu, ondoka, atakuchafua," alisema Ireri. "Wewe sema ni njaa tu, nitamlisha tena."

Sikuondoka. Nilisimama pale mpaka alipomaliza.