Nilimwitia Mwizi Winga Aliyekuwa Ananiuzia Mzigo

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msinionee huruma. Jina nalificha kwa sababu ya mke wangu.

Tuna duka la mabegi ya kina mama Kariakoo, upande wa Msimbazi. Ndani niliweka televisheni, na kutwa nzima ilikuwa ni muvi za kisasi zilizotafsiriwa Kiswahili. Stelingi, yule shujaa wa muvi, kaonewa, polisi hawamsaidii, basi anaingia kazini mwenyewe. Jamani, nilizipenda! Tulikuwa tumeibiwa mara mbili, na kila stelingi akishusha kipigo nilijiona mimi.

Siku hiyo mchana natoka kula, namwona mwanaume nisiyemjua anatoka dukani kwetu mbio, mabegi mawili kwapani. Sikuuliza. Nikanyakua ile fimbo ndefu ya kutungulia mabegi, nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi huyo!"

Watu wakamzibia njia kabla hajafika kona. Mimi ndiye niliyempiga wa kwanza.

Kumbe alikuwa winga! Winga hana duka. Anampata mteja barabarani, anakimbilia duka lenye mzigo, anapewa kwa kuaminiwa, anampelekea mteja, kisha anarudi na hela. Anakimbia kwa sababu mteja akichoka kusubiri anaondoka. Mimi mwenyewe nilianza hivyohivyo, miaka minne nimekimbia mitaa ile!

Mke wangu alitoka dukani analia. "Mwacheni! Nimempa mimi! Mteja anamsubiri Mnazi Mmoja!" Nani wa kumsikia? Mawe yalikuwa yameshaanza.

Alifariki kesho yake asubuhi. Ameacha mke na watoto watatu, wanakaa Ilala. Polisi walipokuja kuuliza, mtaa mzima haukuona kitu. Na mimi sikuona kitu.

Kila Jumapili akitoka kanisani mke wangu anapitia kwa yule mjane na chakula. Siku moja aliniuliza, "Baba watoto, yule kaka hakusema chochote?"

Nikamjibu, "Hakusema."

Alisema! Mungu wangu, alisema! Baada ya fimbo ya kwanza aliyanyanyua yale mabegi, akaniambia, "Bosi, mama kanipa, mteja yuko pale." Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini watu walikuwa wananishangilia, wengine wameshanyanyua simu wanarekodi, nikaona aibu kushusha fimbo mbele yao. Nikampiga tena.

Televisheni nimeitoa. Usingizi sina. Mke wangu mpaka leo anaamini sikujua.

Ndugu zangu, mkisikia mtu anaitiwa mwizi, msihangaike na anayekimbia. Mshikeni kwanza yule mwenye fimbo. Huenda ameshaujua ukweli, anaogopa tu mtamcheka.