Ech ginn: Naenda, Natoa, Nakuwa

Adérito Quintela alibandika vigae katika nusu ya mabafu ya mji wetu wa Differdange, na kwa miaka ishirini na miwili aliwajibu watu kwa Kireno au Kifaransa tu. Alipotimiza hamsini na mmoja akaamua: nataka uraia, na lugha ya wenyeji pia naitaka. Jumamosi moja asubuhi akaingia darasani kwetu, viatu vimeganda saruji, akaketi mbele yangu.

Mwalimu wetu, Josette Kieffer, mjane aliyestaafu kazi ya posta, aliandika ubaoni: ech ginn.

"Maana yake naenda," akasema. "Pia natoa. Pia nakuwa."

"Mwalimu, usitutanie!" Adérito akadakia. "Neno moja liende, litoe, na liwe? Linapumzika lini?"

Josette akaeleza kuwa hapo zamani yalikuwa maneno mawili ya Kijerumani cha kale, gān la kwenda na geban la kutoa. Watu wakayatafuna karne na karne mpaka yakafanana kama mapacha, na lile la kutoa likaongezewa kazi ya kuwa.

"Mimi, sisi, ninyi, wao: ech ginn, mir ginn, dir gitt, si ginn, kwenda au kutoa yote sawa. Yanaachana kwa wewe na yeye tu. Anayekwenda: du gees, hie geet. Anayetoa au anayekuwa: du gëss, hie gëtt."

"Lakini mimi huniiti du, kama mtu wa nyumbani," Adérito akasema. " Unaniita dir, kwa heshima. Nitajuaje kama unanifukuza au unaniomba kitu?"

"Hutajua."

"Si umwite du, mwalimu!" nikapayuka. Darasa zima likapiga meza. Josette akageukia ubao, shingo nyekundu kama nyanya.

Mwezi wa tano Adérito akafaulu mtihani. Akaja mbio na cheti na mfuko wa mikate ya viazi ya kukaanga, mafuta yakimchuruzika mkononi. Akatulisha sote, kisha akashika kofia. Hakuwa tena na sababu ya kuja.

"Haya mwalimu, ech ginn."

Josette akaweka chaki chini. "Du gees néierens!"

Huendi popote. Adérito akasimama mdomo wazi.

"Gees... du gees... Jamani, kaniita du!"

Akamnyanyua, akamzungusha, mikate ikamwagika. Sisi tukapanda viti tukishangilia, mpaka msafishaji akaja kuuliza kuna nini.

Walioana Septemba, manispaa. Adérito alijibu "Jo!", yaani ndiyo, kabla meya hajamaliza swali, ikabidi aulizwe upya. Sasa Josette anajifunza Kireno. Mumewe humsahihisha huku mdomo umejaa chakula, naye humrushia kitambaa cha vyombo.