Mbegu za Mgagani Zilizosemekana Kukaangwa

Niliyoyaona ni haya: matuta mawili ya kikundi cha akina mama, kando ya ziwa, yalimwagiliwa maji wiki tatu bila kuota hata mche mmoja wa mgagani, mboga tuiitayo dek. Kwamba muuzaji alizikaanga mbegu ili wanunuzi warudi kwake, hilo nililisikia. Nikalirudia mbele ya watu, jambo ambalo singemsamehe mwanafunzi.

Muuzaji huyo ni mjane wa mtaa wa Manyatta, anayepima mbegu sokoni kwa kifuniko cha soda. Mwenyekiti wa kikundi alikusudia kuiomba kamati ya soko imwondoe. Kikao cha kamati na kikundi kiliwekwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Ijumaa, siku nane kabla ya kikao, mjane alifika kwangu Migosi na mikebe miwili: mbegu za mwezi huo, ambazo wateja huzidai, na za mwaka jana, ambazo huzikataa.

"Mwalimu, hata wewe ulisema nakaanga."

"Nilisema nimesikia."

"Basi chukua hizi. Ukiongea tena, useme umeona."

Nilifundisha baiolojia hadi nikastaafu. Niliipokea mikebe. Nilitandaza vitambaa vyenye maji katika visahani vinne, kila kimoja mbegu hamsini, nikavifunika, kwa kuwa mgagani hupenda kuota gizani. Kando ya jiko la makaa niliweka mbegu zake mpya, zake za zamani, na zangu, nilizotoa siku hiyo kwenye maganda ya shambani mwangu nyuma ya nyumba. Kisahani cha nne, cha mbegu zake za zamani pia, nilikiweka kwenye sakafu ya saruji, maana mwezi wa Julai sakafu hiyo ni baridi. Mke wangu aliuliza wageni wataandaliwa chai katika visahani gani. Nilimjibu kwamba wageni watangoja.

Siku ya saba nilihesabu mara mbili. Za zamani kando ya jiko zilikuwa zimeota arobaini na moja, sakafuni, tisa. Zake mpya, mbili. Zangu hazikuota hata moja.

Jumamosi nilivibeba visahani hadi kikaoni. Mwenyekiti alikitazama kisahani changu.

"Kwa hivyo Mwalimu pia anakaanga?"

Akina mama walicheka. Nilisubiri wamalize, kisha nikaeleza kwamba mbegu ya mgagani iliyovunwa juzi bado imelala; huhitaji miezi kadhaa mahali pakavu, kisha joto. Mbegu mpya tunayoidai sokoni ndiyo isiyoota. Nikasema pia kwamba uvumi ule niliurudia bila kuuchunguza, na mjane alikuwa ameketi pale akinisikia.

Uamuzi wa kamati ya soko, uliotolewa baadaye, nililetewa kwa mdomo, kwa hiyo siuandiki. Nilichokiona ni mwenyekiti akifungua kiganja, na mjane akimpimia kifuniko kimoja kutoka katika mkebe wa mwaka jana.