Makofi ya Mkwe

Vijana wanaoandika historia ya kura katika jimbo letu la uchaguzi hunijia wakitumaini kwamba mtu wa chuo kikuu atakuwa na uchambuzi. Jinsi mkuu wetu wa mtaa alivyoanguka, hatimaye tulipoletewa masanduku ya kura, wanaieleza vizuri. Kinachowashinda ni namna mtu aliyechukiwa vile alivyoingia bungeni hapo kwanza. Nilimchagua mimi, bila kukusudia.

Kura yangu ya kwanza ilikuwa ya kadi mbili, kijani ya kukubali na nyekundu ya kukataa, na sikumwona mtu aliyeigusa nyekundu. Baadaye chama, kwa kuwa kilikuwa kimoja tu, kiliona hata kadi ni usumbufu. Tukakusanywa uwanjani karibu na mto Naviundu. Jina likisomwa na kupigiwa makofi, basi, huyo ni mbunge.

Mkuu wa mtaa alikuwemo kwenye majina hayo. Yeye ndiye aliyesimamia salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, ila mitaro yetu ilibaki imeziba huku sisi tukilima mahindi yake kwenye barabara ya Kasenga. Kumzomea kulikuwa hatari, kwa hiyo ikakubaliwa kwamba jina lake likisomwa, mikono itulie. Aliyepita nyumba kwa nyumba akinong'ona hivyo alikuwa fundi mstaafu wa reli, mzee wa kaskazini, baba wa msichana niliyekuwa nimemchumbia. Mzee alikuwa bado hajanijibu posa. Alikuwa anaipima adabu yangu.

Jina likasomwa. Uwanja ukanyamaza. Nikageuka, nikamwona mzee akinitazama kutoka safu ya nyuma. Kwao mkwe hasalimii kwa mdomo: anainama, anakunja viganja na kupiga makofi taratibu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi chumbani, mbele ya kioo. Nikainama. Po, po, po.

Katika ukimya ule yalisikika hadi jukwaani. Majirani wakatazamana: universitaire, msomi wetu, amepiga, bila shaka amedokezwa jambo na wakubwa. Mama muuza samaki aliyesimama kando yangu akaanza, kisha safu yetu, na hofu ikamaliza kazi. Uwanja mzima ukarindima. Diploma yangu haijapata tena heshima kama ile.

Mzee alinisubiri njiani. Nikamweleza kwamba nilikuwa namsalimia yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Nilisikia, mukwe. Makofi yako iko muzuri,” akasema. “Sasa kila siku ya posho utabeba jembe yangu, uende ku shamba ya mubunge wako. Salongo yangu iko yako, mpaka siku ya ndoa.”

Siku ya posho ndiyo Jumamosi yetu, tangu enzi za mgao wa chakula migodini. Nikauliza, kwa adabu yote, siku ya ndoa ni lini.

“Ule ni weye ulimuchagua,” akasema. “Umuulize yeye.”

Nililima mahindi ya mheshimiwa mpaka yakavunwa. Ndipo mzee akaniita kwake kunipa jibu la posa. Nikaingia, nikainama, nikakunja viganja. Akanishika mikono kabla haijagusana, akachungulia kwanza dirishani, kuhakikisha hakuna mtu anayegombea ubunge.