Kiraka na Sauti ya Mkwewe

Mdogo wangu hakuwa mtu wa kusikiliza wimbo mpaka mwisho. Namsema kwa upendo, maana ndiye kitinda mimba wetu na mgongo wangu unamkumbuka, lakini ukweli usemwe. Tangu utotoni alikaa ubavuni mwa redio, akisikia pale panapomkuna anaruka kama aliyeumwa na siafu, kisha anahamia stesheni nyingine. Mama alimwambia, "Wewe unalamba mchuzi tu, chakula unamwachia nani?"

Mtaani wanamwita Kiraka. Kazi yake ni kuunga nyimbo za watu. Huchukua gitaa la bendi ya zamani, ngoma za kijana wa juzi na sauti ya mama fulani, akazishona mpaka ukadhani wenyewe wamezaliwa nyumba moja. Chumba chake kiko nyuma ya duka la kinyozi. Kuta amezibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na mashine ya kinyozi hunguruma upande wa pili kutwa nzima. Nilimuuliza siku moja kama huwa anawaomba wenye nyimbo zao.

Akacheka. "Dada, kwani mtu akiazima moto, jiko la jirani linazimika?"

Basi, fundi redio alikuwa anahama kibanda, akampa boksi la kanda kuukuu. Ndani yake mlikuwa na kanda moja ya kwaya, haina hata maandishi. Kiraka akaiweka, ikafika mahali mwanamke anaimba peke yake: "Baba, nishike mkono, njia ina giza." Hakungoja zaidi. Akakata neno moja tu, nishike. Akaipandisha sauti ikawa nyembamba kama ya kigoli, akairudiarudia, halafu akapachika mchekeshaji anayeuliza, "Wapi?" Nishike. Wapi? Nishike. Wapi? Chini yake gitaa la bendi linatekenya.

Naona haya hata kuandika. Lakini mtaa uliupokea. Wasichana wa saluni waliitana nao, wauza nguo waliutumia kuvuta wateja, na mdogo wangu akawa anatembea kifua mbele kama jogoo aliyekuta banda halina mwenyewe.

Ukafika hata kwa wakwe zake. Shemeji yake mdogo alikuwa anaagwa kwenda masomoni, tukaalikwa wote. Mama mkwe wa Kiraka ni mjane, anashona sare za shule, mtu wa sauti ya chini. Siku hiyo alikaa karibu na mlango, sinia la vikombe mapajani. Vijana wakauweka wimbo, watu wakaruka. Mjomba mmoja akapiga kelele, "Huyu binti ana sauti jamani! Kiraka, ulimtoa wapi?"

"Siri ya fundi hiyo, mjomba," akajibu. "Nikimleta hapa, mama watoto atakufungia nje."

Kicheko kikajaa nyumba. Mama mkwe akaweka sinia chini.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyomwita mkwewe siku zote, "hebu zima kidogo."

Akazima.

"Huyo binti ni mimi."

Watu wakadhani anatania. Akaimba ule mstari, polepole, bila ngoma. Kabla ya nishike alivuta pumzi kidogo, kama mtu anayemeza kitu kigumu. Pumzi hiyohiyo ilikuwa kwenye wimbo. Kiraka aliiacha kwa sababu iliingiana na mdundo.

Wifi yangu, mkewe Kiraka, akashika mdomo. "Mama, ni ule wa kaka?"

"Ndiyo. Ule wa kaka yako."

Aliutunga mwaka aliomzika mwanawe wa kwanza.

Sasa fikiria mwenyewe. Mtu na mkwewe! Kiraka ambaye hata kupiga chafya mbele ya mama huyo huomba radhi, ndiye aliyemsimamisha mbele ya mtaa akiwaambia wanaume wamshike. Alitoka bila viatu. Viatu vyake nilivibeba mimi.

Baada ya hapo alizunguka kwenye maduka ya simu akiomba wimbo ufutwe. Muuzaji mmoja akamwambia, "Kaka, unakimbiza moshi na ufagio? Mpaka bibi yangu anao." Ukweni akaacha kwenda. Wifi akawa anakwenda peke yake na watoto, na akirudi hawazungumzi. "Mama haulizi wimbo," alimwambia mbele yangu. "Anauliza kwa nini huji."

"Nije na uso gani?"

Nilipomfuata chumbani kwake nilimkuta ameinamia ile kanda, ameiacha iende. Wimbo ulipoisha, sauti ya mwalimu wa kwaya ikasema: tunamshukuru dada yetu, mshona sare, aliyetuletea wimbo huu. Mungu amfariji kwa mwanawe.

"Ilikuwa humuhumu, dada," akasema. "Ningengoja kidogo tu."

Nilimshika mkono tukaenda kwa mkwewe. Tulimkuta kwenye cherehani, kola ya mtoto mdomoni mwa sindano. Kiraka akapiga magoti mlangoni, hata ndani hakuingia. Mama hakumfokea. Alisema tu kwamba kwaya ameiacha.

"Nikifungua kinywa, baba, vijana wa viti vya nyuma wanasubiri kuuliza wapi. Nimwimbie Mungu vipi hivyo?"

Hilo ndilo lililomvunja. Jumapili iliyofuata Kiraka alisimama mbele ya kanisa zima la mama. "Sauti mnayoichekea ni ya mama mkwe wangu. Alikuwa anamlilia mwanawe. Mimi ndiye niliyeikata nikaifanya hivyo. Anayetaka kucheka, anicheke mimi."

Mmoja kule nyuma alicheka kweli. Wengine wakatazama chini. Kiongozi wa kwaya akamgeukia mama, akamwonyesha nafasi yake mstari wa mbele, iko wazi. Mama akatikisa kichwa. Hakuimba siku hiyo, na mpaka naandika haya hajaimba.

Tulipotoka, alimpita Kiraka, akasimama, akampa mkoba wake aubebe. Hakumtazama. Mdogo wangu akaupokea kwa mikono miwili, akamfuata hatua kadhaa nyuma, nami nikafuata. Kwenye nyumba ya kona dirisha lilikuwa wazi na wimbo unapigwa. Nishike. Wapi? Kiraka akasita kama anayetaka kwenda kubisha hodi.

"Twende, baba," mama akasema.

Tukapita hapo chini ya dirisha, wote watatu. Mama hakuongeza mwendo, na Kiraka alibaki nyuma yake, kichwa chini, mkoba umekumbatiwa kifuani, wimbo ukitusindikiza.