Zana za Guka zilipatikana, lakini heri zingebaki darini

Wakuu, poleni na baridi. Hapa siongezi chumvi. Natamani ningekuwa naongeza.

Babu yangu, tunayemwita Guka, alikuwa seremala huko Timau. Presha ya macho ilipoanza kumpofusha, zana zake zikapotea. Randa, patasi, msumeno, zote. Akasema mwizi ni Uncle Mutuma, kitinda mimba wake, kwamba ameziuza akanunue miraa.

Uncle aliapa mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Akahamia Embu, mtaa wa Dallas, na Guka akakataa kumbariki hata siku ya harusi.

Kwetu Meru, baraka ya baba si mchezo. Uncle akikosa kazi, watu wanatingisha kichwa. Mtoto wake akiugua, vile vile.

Sasa juzi nilikuwa natoa takataka kwa gereji ya Guka. Juu darini nikaona gunia.

Ndani, zana zote! Zimepakwa grisi, zimefungwa kwa ile kamba yake ya mkonge. Mzee alizificha mwenyewe akasahau.

Mipini ilikuwa myeusi kwa jasho lake. Kwa ule wa randa, kidole gumba kilikuwa kimechimba kashimo. Niliweka changu hapo nikalia, mwanaume mzima.

Nikampigia Uncle. Akasema, "Usimwambie bado. Wacha nizilete mimi, zikiwa smart."

Nikaona ni sawa. Si mnatujua, hatupelekei mzee kitu kichafu. Hata viazi tunaosha kwanza.

Uncle akazipeleka kwa fundi mmoja Embu. Zikapigwa msasa, zikapakwa vanishi, zikawekwa mipini mipya. Ile ya zamani ilichemsha chai ya mafundi.

Jumapili akaja na suti. Akapiga magoti, akaweka randa mikononi mwa babake.

Guka akaipapasa polepole. Akatafuta mahali pa kidole gumba. Akatafuta tena.

Akasema kwa Kimeru, bila hasira, na hapo ndipo niliumia zaidi: "Hii ni mpya. Mutuma, umeninunulia ingine ndio ninyamaze?"

Nikaruka, "Guka, ni mimi nilizipata, kwa dari yako!"

"Na wewe, amekununua na nini?"

Uncle aliinuka, akapanguza magoti, akarudi Embu. Simu yangu hashiki.

Funzo ni hili: ukipata kitu cha mzee, mpelekee na uchafu wake. Sisi tulisafisha mpaka tukafuta ushahidi.

Kama kuna mtu hapa amewahi kumbadilisha mzee kipofu mawazo, aniambie alianzia wapi. Nitasoma comments zote, hata za matusi. Lakini msikawie. Guka ameacha kula, na jana aliniita kando ya kitanda akaniuliza kama zile zake bado hazijapatikana.